Mkono Usiache Kazi: Mwongozo kwa Aliyevuka Miaka 80 na kwa Wanaoishi Naye

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, mzee anapofikisha miaka 80 hunyang'anywa kazi zake kwa heshima. Hakuna anayemkemea wala kumfukuza, mtoto huchukua ndoo, mjukuu huchukua jembe, mkwe huchukua sufuria, na kila anayepita humwambia, "Baba, upumzike, umetumika vya kutosha." Kisha huwekewa kiti chini ya mwembe, na baada ya muda hawezi tena kuinuka katika kiti kile bila kushikwa mkono.

Sisi wenyewe tulifanya kosa hilo katika mtaa wetu wa Katuba, kwa baba yetu mkubwa, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa akigonga picha kwenye mabati ya shaba: wanawake wenye vinu, mitumbwi, na nyuso za wazee. Alipoteleza uani akiwa na miaka 81, tulifungia nyundo na tindo zake sandukuni tukadhani tumemwokoa. Miezi 5 baadaye mapaja yake yalikuwa yamekonda, usingizi ulikuwa umemkimbia, na alikuwa akiuliza siku ya juma mara 3 kabla ya adhuhuri. Tulilazimika kuanza upya, na yale tuliyoyafanya, pamoja na yale tuliyoelezwa na madaktari, ndiyo yanayoelezwa hapa. Msingi wake ni mmoja: kazi ya mzee hupunguzwa ukubwa, haiachwi.

Hatua ya kwanza: pima mwili kabla ya kupanga kazi

Usianze kwa kununua rangi au uzi. Anza kwa kujua mwili umebaki na nini, kwa kuwa mzee mwingi huficha asichokiweza, na jamaa nao hukadiria kwa huruma badala ya kupima.

Vipimo 2 vinaweza kufanyiwa nyumbani, mradi mtu mwenye nguvu asimame karibu. Cha kwanza ni cha kiti. Mweke mzee kwenye kiti imara kisicho na mikono, kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kuketi mara nyingi awezavyo katika sekunde 30. Kwa mwanamume wa miaka 80 hadi 84, kuinuka chini ya mara 10 ni dalili kwamba yumo katika hatari ya kuanguka; kwa mwanamke wa umri huohuo, ni chini ya mara 9. Kipimo cha pili ni cha mwendo: ainuke kitini, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, miguu inahitaji kushughulikiwa kabla ya mikono. Baba Mkubwa, baada ya ile miezi 5 ya "kupumzika", aliinuka mara 4 tu.

Mengine yapelekwe kwenye kituo cha afya. Omba wapime presha mzee akiwa amelala kwa dakika 5, kisha wapime tena akiwa amesimama, baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hicho ndicho kizunguzungu kinachomwangusha anapoinuka kitandani alfajiri, na mara nyingi dawa anazomeza ndizo chanzo au zinachangia. Apimwe sukari, masikio yatazamwe (nta iliyoganda peke yake inaweza kumfanya mtu aonekane amepotewa na akili), na macho yaonwe na daktari wa macho, si na muuza miwani wa barabarani. Hili nalisema kwa uchungu: tulimnunulia mzee miwani ya kusomea njiani, tukamnunulia ya pili iliyo kali zaidi, na wakati wote huo tatizo lilikuwa ni mtoto wa jicho, ambaye hatolewi kwa miwani bali kwa upasuaji mfupi.

Hatua ya pili: itafute saa ya kazi ya mkono

Mtu wa miaka 40 anaweza kufanya kazi saa yoyote. Mtu wa miaka 85 ana saa zake chache, na nje ya hizo kazi humgeukia kuwa adhabu. Kwa siku 14, mjukuu anayejua kuandika awe na daftari, na mara 4 kwa siku aandike mambo matatu: vidole vimekakamaa au vimelegea, mkono unatetemeka au umetulia, na mzee mwenyewe anasema nini kuhusu nguvu zake. Baada ya juma la pili utaona mpangilio ambao hakuna aliyeujua, hata mwenyewe.

Kwetu, majira yalikuwa na sauti kubwa. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na mwezi wa sita na wa saba baridi ya alfajiri hufunga viungo kama kamba. Mwenye baridi yabisi akilazimishwa kushika tindo mapema, ataharibu bati na kukata tamaa. Katika miezi hiyo Baba Mkubwa huanza baada ya jua kushika ua wote, akiwa ameloweka mikono katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10. Mwezi wa tisa na wa kumi, joto linapokuwa kali kabla ya mvua, mambo hugeuka: huanza mapema na kuacha kabla jua halijapanda. Saa yake ya kazi ya mkono ni dakika 50 asubuhi na, siku nzuri, dakika 30 jioni, na hatuziongezi hata akiomba.

Jambo moja la lazima kuhusu baridi hiyo: usimwingizie mzee mbabula (jiko) ya makala (makaa) chumbani na kufunga mlango ili apate joto. Makala hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala hafahamu inapomwua. Mbabula ikae nje. Ndani mpe blanketi, soksi na kofia.

Hatua ya tatu: kata kazi kwa kipimo cha mwili

Hapa ndipo ubunifu wenyewe ulipo, na ndipo familia nyingi hushindwa, kwa sababu huona njia 2 tu: afanye kama zamani au aache. Njia ya tatu ni kubadili ukubwa, chombo au namna, huku jicho na uamuzi vikibaki vya mzee.

Mfano unaotajwa sana ni wa mchoraji Mfaransa Henri Matisse. Baada ya kupasuliwa tumbo mwaka 1941 hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu mbele ya kitambaa cha kuchorea, hivyo alichukua mkasi: wasaidizi walipaka karatasi rangi, yeye akazikata akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, nao wakazibandika ukutani akiwaelekeza wapi. Alifanya hivyo hadi alipofariki mwaka 1954 akiwa na miaka 84. Hata hivyo sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Katika karakana ya uchoraji iliyoanzishwa hapa na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, iliyojulikana kama Le Hangar, mchoraji Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole bila brashi, na mwenzake Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 2007, alijaza mandhari ya nyuma ya ndege na samaki wake kwa nukta na alama ndogondogo. Hao walichagua namna hizo wakiwa vijana, si kwa uzee. Lakini namna zenyewe zinamfaa sana mtu ambaye vidole vyake havifungi tena kwenye brashi nyembamba, au ambaye mkono wake hauwezi mstari mrefu ila unaweza alama fupi.

Kwa shaba, tulikata hivi. Bati la zamani lilikuwa la sentimita 60 kwa 90. Sasa ni la 15 kwa 20, linalotulia juu ya mfuko wa mchanga mapajani. Nyundo nzito tulibadilisha kwa ya gramu 200. Shaba ikigongwa kwa muda huwa ngumu, na ukiendelea hupasuka, kwa hiyo ni lazima ipashwe moto hadi iwe nyekundu ndipo ilainike tena. Kazi hiyo ya moto, pamoja na ile ya kuitia weusi kwa dawa kali, ilihamia kwa kijana wa jirani anayejifunza. Mzee huchora, hugonga uso na mikono ya picha, na husema lini imetosha. Sehemu pana zisizo na maana kubwa hugongwa na kijana. Mtu akiuliza kama kazi hiyo bado ni ya mzee, nitamjibu kwamba msanii mwenye karakana yake hajawahi kutakiwa kubeba kila kitu peke yake.

Kwa anayechonga malakiti, ushauri ni mkali zaidi: vumbi la jiwe lile la kijani lina shaba na halifai kuvutwa. Lisagwe likiwa limelowa maji, nje ya nyumba, na ikiwezekana mzee abaki na kung'arisha kwa mkono tu. Mama anayeshona avuke kutoka vitambaa vya meza hadi mito. Anayesuka vikapu aanziwe kitako na mwingine. Anayeimba ashushe sauti ya wimbo. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013 akiwa mkongwe kiasi kwamba hakuna aliyeujua mwaka wake wa kuzaliwa kwa hakika, alikuwa bado akipanda jukwaani kuimba taarabu na kupiga ngoma katika uzee huo.

Na kwa yule asiyekuwa na ufundi wowote, mji huu una neno lililo tayari: ukumbusho. Wachoraji wa Katanga, eneo ulipo mji huu, walitumia neno hilo kuita picha zinazowakumbusha watu maisha yaliyopita, na Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi kwa picha zipatazo 100 mwaka 1973 na 1974. Mzee asiyeweza kuchora anaweza kusimulia mbele ya simu ya mjukuu, dakika 15 kwa siku, jambo moja tu kila siku: jinsi kambi ya wafanyakazi ilivyokuwa, posho iligawiwaje, nani alikaa nyumba ya jirani. Mtu asidhani kwamba hiyo si kazi ya ubunifu. Kuchagua la kusema na la kuacha kunachosha akili sawasawa na kugonga bati.

Hatua ya nne: mahali, mwanga na vyombo

Jicho la mtu wa miaka 60 huruhusu karibu theluthi moja tu ya mwanga unaoingia katika jicho la kijana wa miaka 20, na miaka 80 ni mbaya zaidi. Kwa hiyo mwanga si anasa. Mweke karibu na dirisha, mwanga ukitokea kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Wakati wa kiangazi, dirisha linaloelekea kusini hutoa mwanga uliotulia kwa sababu jua hupita upande wa kaskazini. Karibu na Noeli hali hubadilika, na pazia jepesi jeupe hutosha kuzuia mng'ao. Umeme ukikatika, taa ya kuchaji yenye shingo inayopinda ni bora kuliko mshumaa, ambao huangaza kidogo na kuwasha moto nyumba.

Kiti kiwe na mikono na mgongo, nyayo zikanyage chini kabisa, na meza ifike usawa wa viwiko. Vishikio vyote, vya nyundo, brashi, sindano ya kufumia na hata kalamu, vinenepeshwe: chukua mpira wa ndani wa baiskeli uliotupwa, ukate ukanda wa sentimita 2, uuzungushe ukiuvuta hadi kishikio kifikie unene wa kidole gumba mara mbili, kisha ufunge mwisho wake kwa uzi. Mkono wenye maumivu hushika kitu kinene bila kukikaba. Chombo hiki kisicho na bei kilimrudishia Baba Mkubwa kazi kuliko dawa yoyote tuliyoinunua.

Hatua ya tano: miguu ndiyo inayobeba mkono

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu wa miaka 65 na zaidi apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, na mazoezi ya kusimama imara siku 3 au zaidi. Mzee aliyekaa muda mrefu asianze na namba hizo. Aanze na dakika 5 kuzunguka ua, mara 2 kwa siku, na kila juma aongeze dakika 2. Mazoezi ya nguvu ni lile lile jambo la kiti: kuinuka na kuketi mara 5, apumzike, tena mara 5. Ya kusimama imara ni kushika ukingo wa meza na kuinua mguu mmoja kwa sekunde 10, kisha mwingine, na siku anapoweza, ashike kwa kidole kimoja tu.

Fimbo ina kanuni zake. Mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono mzee akisimama mikono ikining'inia, na ishikwe upande ulio kinyume cha mguu mbovu, si upande uleule kama wengi wanavyofanya. Mitaro yetu iliyo wazi haina huruma. Njia ya matembezi ichaguliwe na kupitiwa kwanza na mtu mwingine.

Chakula nitakipitia kwa haraka. Bukari (ugali) na mchuzi wa majani hushibisha lakini havijengi misuli. Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, isipokuwa mwenye figo mbovu, ambaye ataelekezwa na daktari. Maharage, ndakala (dagaa), mayai na viwavi wa msimu vigawanywe katika milo yote badala ya kulundikwa jioni. Kiu hupungua kadiri umri unavyopanda, hivyo asingoje kuisikia: chupa ya maji ikae juu ya meza ya kazi.

Dawa zote anazotumia, pamoja na zile za miti, ziandikwe kwenye karatasi moja na kupelekwa kwa daktari. Tahadhari kuu ni vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni vinavyouzwa kila kona: kwa mzee mwenye presha, vikimezwa kila siku ili aendelee na kazi, huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo.

Hatua ya sita: awepo anayeingoja kazi

Mwili ukishatengenezwa, bado mzee anaweza kukaa mbele ya meza bila kugusa kitu, kwa sababu haoni nani anahitaji anachokifanya. Usimpe kazi ya kumchezesha. Wazee huijua haraka na huikataa kwa unyamavu. Mtafutie mtu mmoja anayengoja kitu kimoja kwa siku iliyotajwa: bati la ubatizo wa kitukuu, kitambaa cha kanisa, masimulizi ya ukoo kabla ya ndoa fulani. Alipwe, hata kidogo, na fedha ziwekwe mkononi mwake, zisipitie kwa mtoto wake mkubwa. Aandike jina na tarehe nyuma ya kila kazi. Carmen Herrera, mchoraji mzaliwa wa Kuba, aliuza picha yake ya kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 89, akaishi hadi 106; mjukuu mwenye simu anayepiga picha za kazi na kuzionyesha kwa watu anaweza kuharakisha mambo kidogo.

Na lugha ya nyumbani ibadilike. Badala ya "Baba, upumzike," tulijifunza kusema, "Baba, kazi imefika wapi?" Jibu la kwanza lilikuwa la hasira: "Mwanangu, si ninyi mlioifungia?" Alikuwa na haki.

Hatua ya saba: kurudi baada ya ugonjwa

Malaria, kufiwa na kulazwa vitakuja. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya waliolala kitandani kwa siku 10 walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Fikiria basi mgonjwa. Kwa hiyo mzee aketishwe na kusimamishwa mapema kadiri daktari anavyoruhusu, na akirudi mezani aanze na nusu ya muda aliokuwa nao, kwa juma zima. Akichanganyikiwa ghafla, katika siku moja au mbili, usiseme ni uzee: mara nyingi ni homa, maambukizi ya mkojo, ukosefu wa maji au dawa mpya, na apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Kilichotusaidia zaidi katika kurudi huko si chetu bali ni chake. Kila siku, kabla ya kufunika meza, Baba Mkubwa huanza sehemu mpya ya picha na kuiacha palepale, mistari 3 au 4 tu, ili kesho mkono ujue mahali pa kuanzia bila kuuliza kichwa. Jana aliacha ukingo wa mtumbwi. Leo ana miaka 86, mvua imeanza, na tangu asubuhi amekwisha kuuliza mara 2 kama kijana wa jirani amelipasha bati moto.